Kiyoyozi, unyevu na vitabu vya wakfu: jibu kwa mtunza maktaba wa Mji Mkongwe

*"Assalaam alaykum mtaalamu. Ninatunza maktaba ndogo ya wakfu ya ukoo wetu Mji Mkongwe, Zanzibar. Tuna vitabu kama mia tatu, vingi vya kuandikwa kwa mkono: misahafu, fiqhi, tenzi, pamoja na makaratasi ya biashara ya mababu. Vimo katika chumba cha chini cha nyumba ya zamani ya mawe. Tulikichagua kwa kuwa kina ubaridi. Mfadhili alitufungia viyoyozi viwili, na mgeni mmoja akatuambia tusitoke nje ya nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50. Umeme unakula fedha yote ya wakfu, kwa hiyo tunawasha kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, usiku na Ijumaa tunazima. Lakini masika iliyopita vitabu viliota ukungu kuliko wakati wowote. Mzee wetu anasema vilikaa zaidi ya miaka mia bila kiyoyozi, tufungue madirisha tu. Vijana wanataka tununue kiyoyozi kikubwa zaidi na sola. Tufanye nini?"*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umeniletea mashaka mawili, bili ya umeme na ukungu, ukiyaeleza kana kwamba moja linazuia kuondoa jingine: laiti mngekuwa na fedha zaidi, ukungu ungekwisha. Mimi naona ni tatizo moja. Viyoyozi vyenu, kwa namna mnavyovitumia, ndivyo vinavyoleta ukungu. Mnalipia umeme ili maji yaingie vitabuni. Wala si uzembe wenu, maana mlifuata ushauri mliopewa kwa nia njema. Ushauri wenyewe haukuwa wa pwani yetu.

Hewa hubeba mvuke wa maji hata kama huuoni. Ikiwa ya joto hubeba mwingi, ikiwa ya baridi hubeba kidogo. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 hujaa ikifika gramu 30 hivi za mvuke. Hewa ya nyuzi 22 hujaa kwa gramu 19 na kidogo tu. Ile asilimia unayoisoma kwenye kipima unyevu haikuambii kuna maji kiasi gani hewani. Inakuambia hewa imekaribia kujaa kiasi gani kwa joto lake la wakati huo. Kwa hiyo ukiipoza hewa bila kuitoa maji, asilimia inapanda, na ukiipasha moto kidogo, asilimia inashuka, ingawa hakuna hata tone lililotoka chumbani. Shika hilo, kwani mengine yote ninayokuambia yametoka hapo.

Sasa tazama usiku mmoja wa masika chumbani mwenu. Mmezima saa kumi jioni. Kuta, makabati na vitabu bado vina nyuzi 22 hivi. Nje kuna nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 88, yaani gramu 21 na nusu za mvuke katika kila mita ya ujazo. Hewa hiyo inapita chini ya mlango, kwenye nyufa za dirisha, hata katika vitundu vya jiwe la matumbawe lenyewe. Inapogusa jalada la kitabu lenye nyuzi 22 haiwezi tena kubeba zaidi ya gramu 19. Ziada inabaki juu ya ngozi ya jalada na kwenye kingo za kurasa. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji hutoka jasho kwa sababu hiyo hiyo. Karatasi nayo huyanywa maji upesi na kuyaachia polepole, kwa hiyo saa zenu nane za mchana hazitoshi kuyatoa. Kesho yake usiku yanaongezeka mengine. Ijumaa ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa chumba kinakaa kimezimwa tangu Alhamisi jioni hadi Jumamosi asubuhi.

Hata kikiwa kimewashwa, kiyoyozi cha kawaida kinatazama joto, hakitazami unyevu. Joto likishuka mlipolitaka, kompresa, yaani mota inayopoza, inazima, lakini feni yake inaendelea kupuliza juu ya mabomba yaliyolowa, na sehemu ya maji yaliyokwisha kukusanywa inarudi chumbani. Kiyoyozi kikubwa kuliko chumba kinapoza upesi zaidi na kuzima upesi zaidi, hivyo kinakausha kidogo zaidi. Waambie vijana kwa upole kwamba pendekezo lao litaongeza bili na ukungu kwa pamoja.

Hizo nyuzi 20 na asilimia 50 zimetoka wapi? Zimetoka nchi za baridi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, picha za National Gallery ya London zilihamishiwa ndani ya machimbo ya mawe ya Manod, huko Wales, mwaka 1941. Humo hewa haikubadilika-badilika, na wahifadhi wakaona rangi zilizokuwa zikibanduka zimetulia. Ziliporudishwa London matatizo yakaanza upya. Somo lilikuwa la kweli: vitu hupenda utulivu. Lakini miaka iliyofuata somo likageuzwa kuwa tarakimu mbili, na tarakimu hizo zikasafirishwa dunia nzima kama sheria. Kwao, tatizo kubwa ni majira ya baridi, nyumba inapopashwa moto, hewa inakauka na mbao zinapasuka. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Wahifadhi wenyewe wameshalegeza kamba: mwaka 2014 jumuiya mbili za kimataifa za wahifadhi, IIC na ICOM-CC, zilitoa tamko la pamoja linalosisitiza kwamba viwango vizingatie hali ya hewa ya mahali na matumizi ya nishati. Miongozo iliyotajwa humo inaruhusu unyevu wa kati ya asilimia 40 na 60, na joto la kati ya nyuzi 16 na 25, kwa vitu vingi vya makumbusho. Hata hiyo bado ni ghali kwa nyumba ya mawe iliyo karibu na bahari. Kwenu mimi ningeweka lengo moja tu la kupigania: unyevu usivuke asilimia 65, mchana wala usiku.

Kwa nini 65? Kwa sababu chini ya hapo ukungu kwa kawaida hauoti. Ukipita 70 unaanza taratibu, na ukipita 80 katika joto letu siku chache zinatosha. Wadudu wengi wa vitabu nao wanafuata unyevu, mmojawapo yule mdogo wa rangi ya fedha anayekimbia ukifungua kurasa. Kuna na jambo la pwani ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji sana. Chumvi ya bahari huanza kunywa maji kutoka hewani na kuyeyuka unyevu unapofika asilimia 75. Kuta nyingi za Mji Mkongwe zina chumvi ndani, kutokana na mchanga uliotumika, upepo wa bahari na maji yanayopanda kutoka ardhini. Ndiyo maana masika ukuta unaonekana umelowa hata pale ambapo hapavuji, kisha ukikauka unatoa unga mweupe. Kitabu kilichoegemezwa ukuta huo kinakunywa pamoja nao.

Lazima niwe mkweli kuhusu joto, kwa kuwa ninakushauri uliache lipande. Karatasi huzeeka haraka zaidi kwenye joto. Wahifadhi hukadiria kwamba kila nyuzi 5 unazoongeza hupunguza umri wake kwa nusu hivi, na wino wenye chuma huendelea kuila karatasi taratibu. Hasara hiyo ipo. Ila inahesabiwa kwa miongo, ilhali ukungu unaharibu ukurasa ndani ya wiki mbili. Kama wakfu ungekuwa na fedha ya kuweka chumba kilichozibwa barabara, chenye ubaridi na ukavu saa 24 mwaka mzima, ningekuambia fanya. Hamna, na kufanya nusu yake ni kubaya kuliko kutofanya kabisa. Vinavyohitaji ubaridi kwelikweli ni filamu, negativu za picha na kanda za sauti. Kama mnavyo, vitengeni; ni vichache na vinaweza kutafutiwa mahali pengine.

Mzee wenu ana haki nusu, na nusu hiyo ni kubwa. Nyumba ilijengwa ipumue: kuta nene za matumbawe na chokaa, dari za boriti, upepo unaopita vyumbani, familia ikiishi na kupika humo, vitabu vikikaa ghorofani ndani ya masanduku na makabati mazito ya mbao. Nyumba ya leo si ile. Uani pameezekwa bati, kuta zimepigwa saruji na rangi ya plastiki zinazofungia maji ndani ya jiwe, na jirani ameziba upepo. Halafu tukumbuke kwamba tunaviona vitabu vilivyosalimika, vilivyooza hatuvioni. Kuhusu madirisha, kufungua ni dawa siku nyingine na sumu siku nyingine. Mchana wa kaskazi kipimo cha nje kinaweza kusoma asilimia 62 tu, ukafurahi, ukafungua. Lakini ikiwa nje ni nyuzi 32, hizo ni gramu 21 za mvuke, na zikiingia katika chumba cha nyuzi 28 zinakuwa asilimia 77. Mchana wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, mara nyingi hewa ina maji kidogo na kufungua kunafaa. Masika, funga.

Baada ya hayo, ningekushauri uanze kwa kuhama chumba kabla ya kununua chochote cha bei kubwa. Mlichagua chumba cha chini kwa ubaridi wake, na ubaridi huo ndio unaokipandisha unyevu. Hewa ile ile yenye nyuzi 27 na asilimia 80 huko chini, ikipanda ghorofani penye nyuzi 30, inasoma asilimia 67 bila senti moja ya umeme. Tafuta chumba cha ghorofa ya kati, kidogo, chenye dirisha moja au mawili, mbali na jiko na choo, kisicho moja kwa moja chini ya paa. Jihadhari na uzito. Karatasi ni nzito, na boriti za zamani zinaweza kuwa zimeliwa na mchwa pale zinapoingia ukutani, mahali ambapo hupaoni. Fundi anayezijua nyumba hizi aziangalie kabla hamjapandisha hata kabati moja. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, iliporomoka Disemba 2020, na watu wawili walipoteza maisha. Majengo ya Mji Mkongwe hayataki kubahatishwa.

Nunua vipima unyevu viwili au vitatu vya kidijitali, vile vidogo. Kabla ya kuviamini, vijaribu kwa chumvi ya mezani. Jaza kizibo cha chupa chumvi, idondoshee maji kidogo iwe kama mchanga uliolowa bila kuyeyuka, kisha ukiweke pamoja na kipimo ndani ya mkebe wa plastiki unaofunga vizuri. Uache usiku kucha. Asubuhi kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 81, andika juu yake kwa kalamu "toa 6". Kimoja kikae katikati ya chumba, kimoja ndani ya kabati nyuma ya vitabu, kimoja nje kivulini. Andika vipimo asubuhi na jioni kwenye daftari, na uandike na hali ya siku: mvua, upepo, dirisha lilikuwa wazi au la. Daftari hilo litakufundisha chumba chako kuliko mimi ninavyoweza nikiwa mbali.

Makabati yafungeke na yajazwe kiasi. Kabati lililojaa karatasi hujituliza lenyewe, kwa kuwa vitabu hupokea na kuachia unyevu taratibu, hivyo dhoruba ya saa chache nje haifiki ndani. Liache mbali na ukuta wa nje, upana wa kiganja au zaidi, na liinuke kutoka sakafuni. Zidaka za ukutani ni nzuri kwa vyombo, vitabu msiviweke humo. Vile vya thamani zaidi vivisheni maboksi ya kadibodi isiyo na asidi, au kwa sasa vifungeni kwa kitambaa safi cha pamba kisicho na rangi. Vile vifuko vidogo vya jeli ya silika, vya kunyonya unyevu, ambavyo watu wanavyotupia kabatini havisaidii kitu. Kanuni ya zamani ya makumbusho ni kilo 20 za jeli kwa kila mita moja ya ujazo, tena ndani ya kabati la kioo lililozibwa.

Nyumba yenyewe ihudumiwe kabla ya masika kila mwaka: mabomba ya maji ya mvua yazibuliwe, nyufa za paa zizibwe, na maji ya uani yasituame kwenye msingi. Pale saruji inapobanduka, rudisheni chokaa. Ninajua kazi hizi hazimvutii mfadhili kama mashine inavyomvutia, lakini ndoo moja ya maji inayovuja ukutani inashinda mashine yoyote.

Sasa mashine. Mnayoihitaji ni mashine ya kukausha hewa, ile inayojiendesha kwa kufuata unyevu. Itege kwenye asilimia 60. Chumba kikiwa kidogo, mlango una ukanda wa mpira chini na madirisha yanafunga, mashine ya wati 300 hivi inaweza kutosha, na ikifanya kazi saa kumi inatumia uniti 3. Viyoyozi vyenu viwili, vikiwa vya ukubwa wa kawaida wa nyumbani, kila kimoja kinavuta karibu kilowati moja kompresa inapofanya kazi, kwa hiyo saa nane zinaweza kufika uniti 16. Mashine ya kukausha inatoa joto kidogo chumbani, na kwetu joto hilo ni msaada: chumba cha nyuzi 28 na asilimia 75 kikipanda nyuzi 2 tu kinashuka hadi asilimia 67 hivi, kabla hata hujahesabu maji yaliyotolewa. Wala haitafanya kazi mwaka mzima. Kipupwe inaweza kunyamaza kwa wiki nyingi. Weka na feni ndogo inayozungusha hewa polepole ili pembe za chumba zisibaki na hewa iliyolala. Maji yatoke kwa mpira hadi nje, msitegemee mtu kumwaga ndoo. Mashine ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi iliyowekwa na fundi umeme, bila waya wa kuunganishia, maana itakuwa inafanya kazi usiku watu wamelala.

Njia hii imejaribiwa kwingine kwenye joto na unyevu kama wetu. Taasisi ya uhifadhi ya Getty ya Marekani iliisaidia maktaba ya Casa de Rui Barbosa, nyumba ya kihistoria huko Rio de Janeiro, kuweka mfumo uliojengwa juu ya kupitisha na kukausha hewa badala ya kiyoyozi cha kawaida cha makumbusho. Huko Uingereza, National Trust, shirika linalotunza majengo ya kale, inafikia lengo hilo kwa njia nyingine: inapasha nyumba zake za kale joto dogo tu ili kushusha unyevu, bila kujali kama mgeni ataona ubaridi.

Viyoyozi vyenu msivizime ghafla. Pandisheni nyuzi moja kila baada ya siku mbili tatu, mashine ya kukausha ikiwa tayari inafanya kazi, mpaka mfike nyuzi 27 au 28, kisha ndipo mzime. Kama wasomaji wanahitaji ubaridi, chumba cha kusomea kiwe mbali na cha kuhifadhia. Sola ni wazo zuri likija mwisho. Kwa mzigo wa uniti 3 au 4 kwa siku, paneli na betri chache zinaweza kuwatosha. Kwa mzigo wa sasa mtanunua mtambo mkubwa wa kuendesha tatizo.

Vitabu vilivyokwisha kuota ukungu vitengeni leo, kila kimoja ndani ya karatasi safi, chumba kingine. Msivifute kwa kitambaa chenye maji wala kuvipuliza. Msivianike juani pia. Jua hupausha wino wa rangi na kukunja ngozi. Viacheni kivulini penye feni mpaka ukungu ukauke na kuwa unga, kisha muupanguse nje, kwa brashi laini, mkiwa mmevaa barakoa nzito na glavu, na mwenye pumu asikaribie. Karafuu na mwarobaini kabatini havina ubaya mkiviweka kwenye mfuko, ila havipunguzi unyevu. Vidonge vya dawa ya nondo viondoeni, vinadhuru afya ya msomaji. Dawa ya kupulizia wadudu isiguse karatasi kabisa.

Yako mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kurasa zikiwa zimegandamana, msijaribu kuzitenganisha kwa kisu wala mvuke. Wino ukiwa umekula karatasi hadi herufi zinadondoka, jalada likiwa linaacha unga mwekundu mkononi, au filamu ikinuka siki, kaeni mbali mpaka mhifadhi avione kwa macho. Hali kadhalika ukungu ukiwa umeenea zaidi ya rafu moja au mbili. Anzeni kwa kubisha hodi Nyaraka za Taifa kule Kilimani. Wanayajua makaratasi ya Zanzibar, na mnaweza kuzungumza nao juu ya kuwahifadhia kwa muda hati chache zilizo hatarini zaidi, umiliki ukibaki wa wakfu kwa maandishi. Kabla ya kutoboa ukuta kwa ajili ya feni au bomba, pateni kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Na wakati vitabu viko nje ya makabati kwa ajili ya kuhama, vipigeni picha ukurasa kwa ukurasa. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilinakiliwa kidijitali kupitia mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, na vitabu vyenyewe vikabaki Lamu. Kwa vile vitatu au vinne mnavyoviogopea zaidi, simu nzuri, meza karibu na dirisha lenye mwanga wa kivuli na mtu mwenye subira wa kufunua kurasa vinatosha kuanzia wiki hii.